Karata ya Arobaini na Nne

Kabla ya redio, birika la kahawa likiwa motoni,
kabla sijajitazama kiooni nikagundua nimelala na hereni,
nachanganya karata.
Zilikuwa arobaini na nne. Sasa ni arobaini na tatu.
Nimeinua zulia, nimesogeza friji,
nimetia mkono hata mfukoni mwa koti
aliloliacha Livio alipohama:
tikiti ya basi, na vumbi la tumbaku.

Huku Trieste upepo wa baridi huitwa Bora,
wala hauna ubora wowote.
Hushuka mlimani kama mdai,
hung'oa vigae, hulaza pikipiki chali,
humfanya mwanamke wa miaka hamsini na mmoja
akumbatie nguzo ya taa kama mchumba.
Leo unagonga dirisha. Simfungulii.
Navuta karata.

MLANGO.
Mlango wa buluu, nusu wazi,
na mwanga ambao mchoraji hakujua autie wapi.
Kijitabu kinasema:
    Kilichofungwa kwa hasira
    kitafunguka kwa subira.
Aliyeandika hana mtoto,
au anaye, ila hajafika miaka kumi na mitano.

Mlango naujua mimi.
Ondina aliubamiza Septemba, chokaa ikadondoka
kwenye bakuli la zabibu. Alisema:
"Mama, unaziuliza karata hali yangu,
na simu iko hapo hapo mezani."
Kisha gari-moshi, kisha Graz,
kisha kimya chenye picha mbili tatu za vyakula.

Fulvia wa ghorofa ya chini ndiye aliyenipa hizi,
wiki ile Livio alipofunga mizigo.
"Hazitabiri kitu," alisema, "zinakukalisha chini tu."
Kweli zilinikalisha.
Mwaka wa nne huu, nimekaa.

Jumapili nilizipeleka kwa mama yangu
kule wanakotunza wazee. Chagua moja, nikamwambia.
Akachagua MWEZI, akaukagua mbele na nyuma,
akaupiga mezani kwa kishindo: "Turufu!"
Akanidai senti hamsini.
Nikalipa.
Jina langu limemtoka, ila anajua nimeshindwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo husemwa.
Na uchungu wa mzazi, husomwa na nani?
Hakuna karata yake. Nimezipekua zote,
farasi, chemchemi, mwanamke mwenye nyoka shingoni,
zote arobaini na tatu.

Nikautazama mlango wa karatasi.
Nikapiga simu.

Iliita mara sita.
"Nani kafa?"
"Hakuna."
"Bibi?"
"Bibi yako yu mzima, kanila senti hamsini."
"Sasa saa moja asubuhi hii, kuna nini?"
Nilikuwa na maneno, niliyapanga tangu Oktoba
kama vyombo vya wageni. Sikuyaona.
"Nilitaka kujua umeamkaje."
"Nimeamshwa," akasema.
Kikapita kitu puani mwake, nusu kicheko.

Akanieleza bei ya umeme, akanieleza profesa,
akanieleza kuhusu kijana, Matthias,
anayekunja soksi kwa rangi,
na kwamba hajui kama anampenda au anapenda soksi.
Nilikuwa na la kusema hapo. Ooh, nilikuwa nalo.
Mimi niliyeolewa na mwanamume aliyepiga pasi leso!
Nikauma ulimi,
Bora ikasema kwa niaba yangu, wuuu, dirishani.

"Mama."
"Naam."
"Ile yenye bundi ninayo mimi. Niliiba."
Miezi mitano nimechungulia chini ya friji.
"Inasemaje?"
"Haisemi kitu. Nimeikunja mara nne,
nimeisukuma chini ya mguu wa meza. Ilikuwa inayumba,
siwezi kuandika."
"Na sasa?"
Nikamsikia akiiegemea, mbao ikalia kidogo.
"Imetulia. Bundi kaishika."

Harufu ya kahawa ikiungua ikanifikia.
Sikuinuka.